Besi Isiyo na Mdundo

Jumapili, mwezi wa tano. Bwera.

Hapa chini jua limewaka tangu asubuhi, mabati yanalia kwa joto. Kule mlimani kweusi ti. Mlima wenyewe hauonekani, umejifunika wingu zito tangu juzi, na kila ninayemuuliza ananiambia huko juu mvua haijakatika. Mtu aliyezaliwa upande huu wa Kasese hafundishwi kutazama juu kabla ya kutazama mbele yake, anakua nayo tu. Leo mimi sikutazama.

Naandika kwenye simu, nimekaa ndani ya gari nje ya msikiti. Mkiona herufi zimerukana nisameheni, sina nguvu ya kurudi kusahihisha.

Kwa wageni wa blogu hii: naitwa Twaha, nafunga muziki kwenye magari mjini Kasese. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori, ndiyo maana nyumbani kwetu tulilelewa kwa Kiswahili. Mama anaishi huku Bwera, kando ya Lhubiriha, mto unaotutenga na Kongo. Nyumba yake ndiyo ya mwisho, ukitoka uani unakanyaga mawe ya mto. Nimemwomba ahame mpaka nimechoka. Nimempigia magoti. Jibu lake ni lile lile: "Baba yako alinijengea hapa, nitatoka hapa nikibebwa." Basi, napanda gari, narudi kazini, na usiku mvua ikinyesha silali.

Leo nilipanga niandike mambo ya kazi. Wateja wananisumbua na swali moja: "Twaha, hii sabufa ya gari si nikiitoa naweza kupigia harusi?" Nikisema hapana wananiona mchoyo. Wengine wanasema sabufa ni sabufa. Lo! Hao ndio wanaoniumiza kichwa.

Sikilizeni basi, maana nisipoandika kitu cha akili nitaandika upuuzi.

Sabufa ya gari, yaani spika ya besi, imetengenezwa kukaa chumba kidogo kilichofungwa. Gari lenyewe ni nusu ya mtambo. Funga milango, pandisha vioo, hewa inakosa pa kwenda, ndiyo besi inajaa mpaka unaisikia mgongoni. Koni yake, ule uso wa spika wa mbele, ni nzito, inacheza mbele na nyuma kwa nafasi kubwa, na inakula umeme wa betri bila huruma. Inashuka chini sana, kule ambako sikio linachoka na mbavu zinaanza kusikia. Lakini itoe nje, iweke uwanjani, imekwisha. Unamwona mtu anatikisa kichwa mbele ya boksi, aliye nyuma yake anauliza muziki utaanza saa ngapi.

Ile ya jukwaani ni kitu kingine kabisa. Koni yake nyepesi na ngumu, boksi lake kubwa lenye tundu la kupumulia, inataka jenereta na amplifaya ya maana. Haishuki chini kama ya gari, ila inasukuma hewa ya uwanja mzima, na aliyekaa mwisho kabisa anapigwa kifuani kama aliyekaa mbele. Ukiitia kwenye buti, umeme wa gari hauitoshi, utasikia inaguna tu. Na ukichukua za gari kadhaa ukaziunga pamoja kwenye amplifaya ya jukwaani, mzigo unaizidi, inachemka. Kuna harusi kule Munkunyu nilimwona bwana harusi anacheza na mkewe ndani ya moshi, na mpiga muziki anasema ni mapambo!

Sasa, huku Bwera kuna Mkongomani anaitwa Kasereka. Mtu wa Butembo, alivuka na familia yake wakati mambo ya kule Beni yalipoharibika. Mkatoliki safi, rozari haitoki shingoni. Anakodisha muziki wa harusi na misa za uwanjani, na zile spika zake kubwa anaziita bafle. Tumetaniana mpaka watu wanadhani tuna ugomvi. Yeye anasema kazi yangu ni ya kulalisha watoto. Mimi namwambia yake ni ya kuamsha maiti na bado maiti hazicheki.

Leo tukasema tumalize ubishi. Yeye atoke misani, mimi nishuke kutoka Kasese, tukutane kwenye uwanja wa mpira ulio juu kidogo ya mto. Kila mtu afungue mtambo wake, wenye masikio waamue. Nilipita Kisinga nikiimba. Naikumbuka hiyo safari sasa na inanichukiza, jinsi nilivyokuwa na furaha. Nilijiambia tukimaliza nitashuka kwa Mama kula.

Nilianza mimi. Nikafungua buti, nikapandisha sauti mpaka kibao cha namba ya gari kikawa kinagongagonga. Vijana waliokuja kutazama wakasogea, wakainamisha vichwa, halafu wakacheka. Kasereka alikuwa amekaa juu ya bafle lake anakula muwa.

"Grand," akaniambia, maana ndivyo wao wanavyomwita kaka mkubwa, "hii kitu yako iko ya kulalisha mutoto. Mi nilisema."

"Ingia ndani," nikamwambia. "Ingia nifunge vioo, mpumbavu wewe."

Akaingia. Nikafunga. Nikaiachia. Kasereka alishika rozari kwa mikono miwili, macho yakamtoka. Alipotoka alikuwa anajipapasa tumbo. "Aaa, Grand! Hii inaniingia mu tumbo. Hii si ya mutu muzima." Nikacheka mpaka nikashika mti.

Halafu zamu yake. Akawasha jenereta, akapiga muziki, na lazima niseme kweli, uwanja wote uliitika. Wanawake waliokuwa wanapita na mizigo ya majani walianza kutembea kwa mdundo bila kutaka. Nilikwenda mpaka goli la mbali, besi ikanifuata mpaka huko, safi, kavu, haijapungua. Nilikubali. Sikumwambia, lakini nilikubali.

Akazima jenereta ipoe. Mimi nilishazima gari. Tukaketi kwenye kivuli cha bafle kubishana nani ameshinda.

Ndipo ikaanza.

Kwanza kwenye miguu. Halafu kwenye chupa ya soda iliyokuwa juu ya boksi, ikawa inatembea yenyewe taratibu kuelekea pembeni. Sauti nzito, ya chini kabisa, imetulia. Kasereka akaacha kutafuna.

"Zima motoka yako," akasema.

"Nimezima. Ufunguo huu hapa."

"Grand, usinidanganye. Ile ya chini vile ni ya motoka."

"Si ya gari hiyo, wewe! Inatoka mbali. Ya gari haiwezi kufika mbali namna hiyo. Ni wenzako wa ng'ambo wameleta mtambo mkubwa kuliko wako, na hujui."

Akasimama, akageuza sikio. Na mimi nikasimama. Na hapa ndipo naona aibu kuandika, lakini shajara ni ya nini kama siandiki: tulisimama pale tukisikiliza kwa kupendezwa. Wallahi. Watu wazima wawili, mafundi wa besi, tumeinamisha vichwa, tunasifia. Kasereka alisema hizo ni bafle za koni kubwa kabisa, zimepangwa nyingi, chini na juu. Mimi nikasema hapana, ni sabufa za gari lakini wamezijengea chumba, kontena pengine, wamelifunga lote. Nilikuwa tayari nafikiria nitawatafuta vipi waniuzie ule ujuzi. Niliona wivu. Niliuonea wivu ule mngurumo, nikautamani uwe wangu.

Mimi nikisikia muziki kidole changu hugonga paja. Ni mazoea ya kazi. Muziki ukiwa mbali, sauti ya mwimbaji hupotea kwanza, kisha gitaa, kisha kila kitu, mdundo unabaki. Hata ng'ambo ya mji, wimbo naujua kwa mdundo tu. Kidole changu kikanyanyuka kama kawaida, kikasubiri.

Hapakuwa na pa kugonga.

Nikajaribu tena. Nikasubiri tena. Ile sauti ilikuwa inakuja tu, haikati, haipumui, haina kwanza wala pili.

"Kasereka," nikasema, "mdundo uko wapi?"

Akasikiliza. Nilimwona uso unavyobadilika, na sitausahau. Akafanya ishara ya msalaba.

"Haina," akasema. "Ile haiko muziki. Ile ni mawe. Maji inasukuma mawe."

Sikumngoja. Sikufunga hata buti. Niliteremka na gari barabara ya mtoni, mlango wa nyuma unapigapiga, watu wanapanda mbio na watoto migongoni, na magodoro, na kuku, na mimi peke yangu nashuka. Mtu mmoja alinigongea kioo kwa ngumi akanitukana kwa Lhukonzo, lugha ya huku. Nilikuwa napiga simu ya Mama. Yule dada wa kwenye simu ananiambia haipatikani. Napiga tena. Haipatikani.

Kwenye kona ya mwisho wanajeshi walishaziba njia.

"Simama! Wewe! Unakwenda wapi?"

"Afande, mama yangu yuko kule chini."

"Hakuna kwenda! Geuza gari!"

"Afande, nakuomba, nyumba ni ile ya mwisho, ni hapo tu, ni mzee..."

"Umesikia Kiswahili ama hukusikia? Geuza!"

Niliacha gari katikati ya barabara nikashuka kwa miguu. Akanishika kola. Alikuwa kijana, mdogo kuliko mimi. Tukasimama hivyo hivyo, amenishika, tunautazama mto wote wawili.

Sikujua mto unaweza kuwa mpana hivyo. Maji yalikuwa ya matope matupu, mazito, yanabeba magogo yaliyosimama wima na kulala tena. Mawe yenyewe huyaoni. Yanabingirika chini kwenye sakafu ya mto, makubwa, unayasikia tu, na ardhi unayoikanyaga inayasikia pia. Nikatafuta jiko la Mama kwa macho. Pale palipokuwa na jiko palikuwa na maji. Bati la nyumba lilikuwa bado lipo, limelala upande, na maji yanaingia dirishani na kutokea mlangoni.

Nilikaa chini barabarani. Afande akaniachia kola. Mungu amjalie.

Huo muda wote tuliosimama uwanjani tukisifia. Ndio niliokuwa naufikiria. Sio kitu kingine.

Kasereka alinikuta hapo, amekuja kwa bodaboda. Akanishika mkono akaninyanyua kama mgonjwa. "Grand, simama. Batu beko ku musikiti. Twende tuone. Simama, Grand." Aliendesha gari langu yeye. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kumzika mama yangu. Nilikuwa nimefika kwenye sanda.

Msikiti uko juu, maji hayawezi kuufika. Ua wote ulikuwa umejaa watu, Waislamu, Wakristo, mbuzi, sufuria. Na pale kwenye mkeka chini ya ukuta, gauni limelowa mpaka kiunoni, ushungi umekaa sawasawa kama anakwenda kwenye maulidi, Mama.

Nililia, jamani. Nililia mbele za watu na sijali.

Yeye akanitazama kwa mshangao. "Ulikuwa wapi wewe? Nimekungoja mpaka chai ikamwagika."

Sikuelewa. Nilidhani ni mshtuko. Lakini Masika, jirani yake, Mkonzo wa nyumba ya pili, alikuwa amekaa kando yake anakamua kanga yake, na alikuwa amekasirika kweli kweli. Akanigeukia.

"Mama yako atanimaliza! Mimi naita yeye, mimi nasema maji inakuja, kimbia! Yeye nasimama kwa jiko nacheka! Nasema, ngoja, Masika, ngoja, Twaha nakuja. Mimi navuta yeye na nguvu, na nguo inapasuka!" Akanionyesha mkono wa gauni la Mama. Ulikuwa umechanika kutoka begani.

"Mama," nikasema. "Kweli?"

"Lakini si nilikusikia," akasema Mama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. "Mimi kila siku nakusikia. Ukiwa bado kule juu kwenye kona, gari halijaonekana, vikombe kabatini vinaanza kulia kwa muziki wako. Basi naweka maji motoni. Ukifika, chai tayari."

Miaka yote hiyo, wallahi, nilidhani mama yangu ni mtu wa chai. Nilidhani birika haliondoki motoni. Sikuwahi kujiuliza inakuwaje nafika bila kupiga simu na kikombe changu kiko mezani, kina moshi, sukari imeshatiwa.

"Leo ilikuwa kubwa," akaendelea, na jamani alikuwa anaona fahari. "Vikombe vilianguka. Nikajisemea, leo mwanangu ameweka muziki mpya."

Kasereka alisimama nyuma yangu. Nikamsikia anatoka nje.

Nimepiga magoti mbele ya Mama pale mkekani, nikamshika mikono yote miwili. Nikamwambia, "Mama, nisikilize vizuri. Kuanzia leo ukisikia ile, si mimi. Umenielewa? Ukisikia vikombe vinalia, usiweke maji motoni. Acha kila kitu. Kimbia."

"Na wewe ukija?"

"Nitapiga honi."

Akafikiri kidogo. "Honi kila mtu anayo," akasema.

Nikatoka nje, nikaenda kwenye gari.

Nimeifungua sabufa sasa hivi, kwa bisibisi, hapa hapa nje ya msikiti. Nimekata nyaya badala ya kuzifungua, kitu ambacho ningemwona kijana wangu wa kazi anakifanya ningemfukuza. Boksi liko chini karibu na gurudumu. Kasereka amekuja akalitazama, akaniuliza nitalifanyia nini. Nikamwambia achukue, atupe, akalie, sijui. Hajalichukua. Ameliwekea turubai tu, maana mvua sasa imefika na huku chini.

Kesho tutapanda Kasese, mimi na Mama, atake asitake. Amesema atakwenda siku chache tu, kisha atarudi kuangalia nyumba yake. Sijabishana. Nilichomwambia ni kwamba aje akae kwenye gari, mkeka umelowa. Amekubali kwa sababu ya magoti yake. Nimemfunika koti langu, kiti nimekilaza, amelala.

Watu wa uani walikuwa wanaongea kwa sauti. Sasa wamenyamaza, mmoja mmoja, wote. Najua kwa nini wamenyamaza. Na mimi naisikia. Inatoka juu kule kweusi, chini kabisa, haikati, na kioo cha dirisha langu kimeanza kulia.

Hapa tulipo haitufiki. Najiambia hivyo. Msikiti uko juu.

Mama amegeuza kichwa usingizini. Anatabasamu.

"Huyo," amesema. "Amefika."

Nimemwinamia sikioni. "Si mimi, Mama," nimemwambia. "Mama, si mimi."

Hakunisikia.